Lenzi za Zumu za Masafa Marefu Zenye Kitulizaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupiga Picha kwa Mikono Mitupu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mpiga picha ambaye ana lenzi ya zumu inayofika milimita 200, 300 au zaidi, au anayekusudia kuinunua, na ambaye hupendelea kuishika kwa mikono kuliko kuifunga kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu). Msingi wa karibu majibu yote ni mmoja: kitulizaji, yaani mfumo ulio ndani ya lenzi unaofidia mtikisiko wa mikono, huituliza kamera, lakini hakimtulizi yule anayepigwa picha. Mwenye kulizingatia hilo atajua lini akitegemee kitulizaji chake na lini aongeze kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kwa muda mfupi kuruhusu mwanga kuingia.

Kwa nini mikono ileile inayotoa picha kali kwa lenzi ya mm 50 hutoa picha zenye ukungu kwa lenzi ya mm 300?

Kwa sababu mtikisiko unaoharibu picha za mbali ni ule wa kamera kugeuka, hata kwa pembe ndogo mno, na athari ya pembe hiyo hukua sambamba na urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi. Chukua kamera yenye kihisi (kidude kinachopokea taswira) cha fremu nzima, yaani chenye ukubwa wa filamu ya mm 35, na megapikseli 24, ambayo kila pikseli yake ina upana wa takriban maikromita 6. Lenzi ikiwa ya mm 300, kamera ikigeuka kwa digrii 0.01 tu wakati shata iko wazi, taswira huteleza juu ya kihisi kwa karibu pikseli 9, ilhali kwa lenzi ya mm 50 mgeuko huohuo huitelezesha kwa pikseli moja na nusu, kiasi ambacho jicho halikitambui kwa urahisi. Hakuna binadamu awezaye kuzuia mikono yake isigeuke kwa kiasi kidogo namna hiyo. Mapigo ya moyo, pumzi, uchovu wa misuli na tendo lenyewe la kubonyeza kitufe vyote huisukuma kamera, na lenzi ndefu huyaonyesha yote hayo bila huruma.

Kitulizaji hufanyaje kazi ndani ya lenzi?

Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vya jairoskopu, kwa kawaida viwili, kimoja cha kupima mgeuko wa juu na chini na kingine cha kupima mgeuko wa kushoto na kulia. Vihisi hivyo hupeleka vipimo kwenye kichakataji kidogo mara nyingi sana kwa kila sekunde, nacho huamuru sumaku-umeme zisogeze kundi maalumu la vioo kuelekea upande utakaoirudisha taswira pale ilipokuwa. Kamera ikiinama chini, kundi hilo husogezwa kwa kiasi kinachofidia mwinamo huo, na kwa hiyo miale ya mwanga huendelea kuangukia pikseli zilezile.

Lenzi ya kwanza ya kubadilishana ya kamera za SLR (zenye kioo cha kuakisi) kuwa na mfumo huu ilikuwa zumu ya masafa marefu: Canon EF 75-300mm f/4-5.6 IS USM, iliyotoka mwaka 1995 ikiwa na uwezo wa stopu mbili hivi (maana ya stopu inaelezwa hapa chini). Nikon walifuata mwaka 2000 kwa zumu yao ya mm 80 hadi 400. Haikuwa bahati tu kwamba teknolojia hii ilianzia kwenye zumu ndefu, maana huko ndiko uhitaji ulikokuwa mkubwa zaidi.

Herufi IS, VR, OSS, VC na OS zina tofauti gani?

Ni majina ya kibiashara ya jambo lilelile. Canon hutumia IS, Nikon VR, Sony OSS, Tamron VC na Sigma OS, huku Panasonic na Fujifilm wakitumia OIS. Tofauti za maana zimo katika kizazi cha mfumo na aina za utendaji zilizomo kwenye lenzi husika, kwa hiyo soma mwongozo wa lenzi yako badala ya kulinganisha herufi.

Kusema kwamba kitulizaji kina «stopu nne» maana yake ni nini?

Kila stopu moja ni kupunguza kasi ya shata kwa nusu. Ikiwa kwa lenzi ya mm 300 ungehitaji 1/320 ya sekunde bila kitulizaji, basi stopu moja inakupeleka 1/160, ya pili 1/80, ya tatu 1/40 na ya nne 1/20. Hesabu ni nyepesi, lakini namba inayoandikwa kwenye kisanduku haina budi kusomwa kwa tahadhari. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kilitoa mwaka 2012 kigezo cha kupimia vitulizaji, na upimaji wake hutumia mashine inayoitikisa kamera kwa mpangilio maalumu. Mashine haichoki na haipigwi na upepo. Isitoshe, haipandi ngazi mbio ndipo ipige picha. Mtu halisi anayeshika lenzi ya kilo mbili kwa dakika kumi hatapata matokeo hayo kila mara, na busara ni kupanga kazi yako kwa stopu moja au mbili pungufu ya zile zilizotangazwa, kisha kuihesabu ziada yoyote kuwa ni bahati njema.

Kumbuka pia kwamba matokeo ni suala la uwezekano. Kwa 1/20 ya sekunde, huenda picha mbili kati ya tano zikawa kali na tatu zisiwe, na hilo halimaanishi kwamba lenzi ni mbovu.

Je, kanuni ya kale ya «moja chini ya urefu wa fokasi» bado ina kazi?

Ina kazi, kama mahali pa kuanzia. Kanuni hiyo husema kwamba bila kitulizaji kasi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa fokasi: mm 200 kwa 1/200, mm 400 kwa 1/400. Kwa kamera yenye kihisi cha APS-C, ambacho ni kidogo kuliko cha fremu nzima, zidisha urefu wa fokasi kwa 1.5, au 1.6 kwa kamera za Canon, na kwa kihisi cha Micro Four Thirds, kilicho kidogo zaidi, zidisha kwa 2. Hivyo mm 300 kwenye APS-C hudai karibu 1/450. Kanuni ilizaliwa enzi za filamu na picha za karatasi za ukubwa wa wastani, na wenye vihisi vya megapikseli 45 au zaidi wanaopenda kukuza picha zao wangefanya vyema kuuongeza ukali wa kanuni hiyo mara mbili. Ukishapata namba yako ya msingi, ndipo unapotoa stopu za kitulizaji.

Kitulizaji kimewashwa, mbona ndege, wanyama na watoto wanaokimbia bado wanatoka na ukungu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kitulizaji hupima mgeuko wa kamera. Hakina namna yoyote ya kujua kwamba mtoto amenyanyua mguu au kwamba ndege amepiga bawa. Mpiga picha aliyeambiwa kwamba lenzi yake inaweza kazi kwa 1/30 hushusha kasi hadi 1/30, mandhari yote hutoka kali kama yalivyo, na mhusika mkuu hubaki kivuli chenye kingo zilizofifia.

Kwa hiyo anza kuichagua kasi kwa kumwangalia mhusika. Mtu aliyeketi akizungumza hutaka angalau 1/125, kwa kuwa mikono na midomo husogea. Anayetembea hutaka 1/250, na anayekimbia au kucheza mpira hutaka 1/500 hadi 1/1000. Ndege mkubwa anayeruka kwa utulivu anaweza kukubali 1/1000, lakini ndege wadogo wenye mabawa ya haraka hudai 1/2000, 1/3200 na hata zaidi. Linganisha kasi hiyo na ile inayotakiwa na mikono yako, kisha uifuate iliyo kubwa. Kwa mhusika anayekwenda mbio utagundua kwamba kitulizaji hakikuokolei chochote katika kasi ya shata, na kwamba suluhisho liko kwenye ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Chembechembe za ISO 3200 au 6400 hupunguzika kwa programu za kuhariri picha, lakini jicho la mnyama lililofutika kwa mwendo halirudi.

Njia rahisi ya kulisimamia hilo ni kuiweka kamera kwenye ISO ya kujiendesha na kuipangia kasi ya chini kabisa isiyopaswa kuvukwa. Kamera nyingi za leo zina mpangilio huo kwenye menyu.

Ili ujue tatizo lako ni lipi, ikuze picha kwenye skrini na uichunguze kwa utaratibu. Ikiwa kila kitu, pamoja na mawe na miti iliyotulia, kina mistari inayoelekea upande mmoja, kosa ni mtikisiko wa kamera. Ikiwa mandhari ni makali na mhusika pekee amefifia, kosa ni mwendo wake. Ikiwa nyasi zilizo mbele au nyuma ya mhusika ni kali kuliko yeye mwenyewe, kosa ni la kulenga, na hapo wala shata wala kitulizaji havihusiki. Wengi hukishutumu kitulizaji kwa makosa ya aina ya pili na ya tatu, wakauza lenzi nzuri bila sababu.

Ni ipi namna bora ya kuishika lenzi ndefu?

Kitulizaji hufanya kazi ndani ya mipaka: vioo vyake vinaweza kusogea kwa umbali mdogo tu, na mtikisiko ukizidi umbali huo, ziada yote huingia kwenye picha. Ndiyo maana mshiko mzuri na kitulizaji havishindani. Mshiko hupunguza mtikisiko mkubwa, kitulizaji humalizia ule mdogo uliobaki.

Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi, kikitazama juu, mahali ambapo kamera na lenzi kwa pamoja hupata mizani; usiishike lenzi kwa ubavuni. Kwa zumu zenye pete ya tripodi, mguu wa pete hiyo unaweza kulala juu ya kiganja, au uzungushwe juu ukikusumbua. Viwiko vyote viwili vibanwe kwenye mbavu. Kiangalio kigandamizwe kwenye paji la uso, kwa kuwa kichwa ni tegemeo la tatu, na hii ndiyo sababu ya kutopiga picha za mm 300 kwa kuitazama skrini ya nyuma huku mikono imenyooshwa mbele. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo.

Penye ukuta, egemea. Penye uzio, tua lenzi juu ya mkono wako uliolazwa kwenye uzio huo. Ukipiga goti, usiweke ncha ya kiwiko juu ya kifupa cha goti, kwa maana mfupa juu ya mfupa huteleza. Weka nyama ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, mbele ya goti. Ukilala kifudifudi viwiko vyote vikiwa ardhini, unapata uthabiti unaokaribia ule wa tripodi, pamoja na pembe ya kumtazama mnyama usawa wa macho yake, ambayo binafsi naiona ndiyo pembe inayompa heshima.

Pumzika kati ya picha na picha. Zumu ya mm 70 hadi 200 yenye f/2.8 (kipimo cha tundu la kupitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, na zile za mm 150 hadi 600 huanzia karibu kilo mbili. Ishushe lenzi kila unapoweza, kwa sababu misuli iliyochoka hutetemeka kwa namna ambayo hakuna kitulizaji kinachoimudu kwa muda mrefu.

Kitufe kibonyezwe vipi?

Kwa awamu mbili. Bonyeza nusu, usubiri taswira itulie kwenye kiangalio, jambo linalochukua kati ya nusu sekunde na sekunde moja kwa lenzi nyingi, kisha endelea kukandamiza polepole hadi shata ifunguke. Anayebonyeza kwa pigo moja la ghafla hupiga picha kabla mfumo haujatulia, na wakati mwingine hupata picha mbaya kuliko ambavyo angepata bila kitulizaji. Toa pumzi hadi nusu na ubonyeze katika kituo kinachofuata. Kasi ikiwa ndogo, piga picha tatu au nne mfululizo bila kuachia kitufe: ya kwanza mara nyingi hubeba msukumo wa kidole, na ile ya pili au ya tatu huwa kali zaidi.

Swichi yenye namba 1, 2 na 3 hutumika vipi?

Maelezo haya yanafuata mpangilio wa Canon, ambao watengenezaji wengine kadhaa wameukaribia. Namba 1 ni ya matumizi ya kawaida, ambapo mfumo hufidia mgeuko wa pande zote. Namba 2 ni ya kumfuata mhusika kwa kamera, kama vile mwendesha baiskeli anayepita mbele yako: mfumo huacha kuupinga mgeuko wa upande unaoelekea, na hufidia ule wa upande mwingine tu. Jaribu hapo kasi ya 1/60 au 1/30, geuka kwa kiuno badala ya mikono, anza kumfuata mapema na uendelee hata baada ya shata kufungika. Namba 3 hupima muda wote lakini huvisogeza vioo wakati wa kupiga tu, jambo linalowafaa wanaomfuata ndege au mchezaji anayebadili mwelekeo ghafla, kwani taswira ya kiangalio haiwavuti nyuma. Nikon nao hutenganisha hali ya kawaida na ile ya michezo au ya kuwa juu ya chombo kinachotikisika.

Nikizidisha kasi hadi 1/2000, nizime kitulizaji?

Wapo wapiga picha wa michezo na wa ndege wanaokizima, wakisema kwamba katika kasi hiyo hakina cha kuongeza. Ni kweli kwamba ukali wa picha hautegemei tena kitulizaji, lakini mimi hukiacha kimewashwa, kwa sababu kiangalio kilichotulia humwezesha mtu kuiweka nukta ya kulenga juu ya jicho la mhusika na kuidumisha hapo. Ukishuku kwamba lenzi yako inaharibu picha katika kasi kubwa, piga kadhaa kwa kila hali na uamue kwa ushahidi wa macho yako.

Na kwenye tripodi?

Kwa lenzi za zamani, zima. Mfumo usiopokea mtikisiko wowote unaweza kuanza kuijibu mitetemo inayotokana na vioo vyake vyenyewe, na taswira ikaelea taratibu wakati wa picha ya sekunde nzima. Lenzi nyingi mpya hutambua kwamba zimefungwa na hujirekebisha zenyewe, na mwongozo utakueleza yako iko kundi gani. Kwa stendi ya mguu mmoja, kwa upande mwingine, kiache kimewashwa.

Lipi lina faida zaidi: zumu ya f/2.8 isiyo na kitulizaji, au ya f/5.6 iliyonacho?

Inategemea kile unachokipiga. Kati ya f/5.6 na f/2.8 pana stopu mbili kamili, yaani mwanga mara nne: kwa mwanga na ISO ileile, pale f/5.6 inapokupa 1/250, f/2.8 hukupa 1/1000. Kwa michezo ya jioni au ya ukumbini hizo ndizo stopu zinazomgandisha mhusika, na kitulizaji hakiwezi kuzileta. Kwa majengo, mandhari ya mbali, sanamu au mnyama aliyelala, kitulizaji cha stopu nne huzishinda, tena ndani ya lenzi nyepesi. Zumu nyingi za mm 70 hadi 300 hazifiki kilo moja. Anayetembea siku nzima na mzigo wake mwenyewe asiudharau uzito, kwa kuwa lenzi iliyoachwa nyumbani haipigi picha yoyote.

Kamera yangu ina kitulizaji kwenye kihisi. Je, bado nahitaji kilicho kwenye lenzi?

Kwa lenzi fupi huenda usikihitaji, lakini kwa zumu ndefu kina faida ya wazi. Kamera ikigeuka kwa nusu digrii, taswira ya lenzi ya mm 50 husogea kwa chini kidogo ya nusu milimita, nacho kihisi kinaweza kuifuata. Ya mm 300 husogea kwa mm 2.6, na kihisi kinalazimika kwenda mbali sana ndani ya nafasi finyu. Kitulizaji cha lenzi kimebuniwa kwa lenzi hiyohiyo moja. Kilicho kwenye kihisi, kwa upande wake, kinaweza kufidia mzunguko wa kamera kuizunguka mhimili wa lenzi, kazi ambayo vioo haviwezi. Ndiyo maana kampuni kadhaa zimeiunganisha mifumo hiyo miwili ishirikiane.

Ukifunga lenzi ya zamani isiyowasiliana na kamera, ingiza urefu wa fokasi kwa mkono kwenye menyu. Ukisahau kuubadilisha baada ya kuvuta zumu, kihisi kitafidia kwa kipimo kisicho sahihi.

Kuna hali ambazo kitulizaji hakisaidii hata kamera ikiwa imetulia?

Zipo mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni mawimbi ya joto: juani, juu ya ardhi iliyopata moto, hewa kati yako na mhusika hupindapinda mwanga, na picha ya mita mia mbili hutoka laini hata kwa 1/4000. Piga asubuhi, au sogea karibu. Ya pili ni umbali mfupi sana. Ukiwa karibu na ua au kipepeo, kuyumba kwa mwili mbele na nyuma au kushoto na kulia huanza kuwa na uzito, na mifumo inayopima mgeuko pekee haikuoni kuyumba huko.

Natumia kizidishi cha fokasi, kile kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuirefusha. Nibadilishe nini?

Kizidishi cha mara 1.4 hugeuza mm 300 kuwa mm 420 na kupunguza mwanga kwa stopu moja, na cha mara 2 huifanya kuwa mm 600 kwa stopu mbili. Fanya hesabu ya kasi kwa urefu mpya.

Lenzi yangu huvuma ikiwashwa na hugonga ndani nikiitikisa ikiwa imezimwa. Imeharibika?

Kwa kawaida hapana. Mvumo ni wa mfumo unaofanya kazi, na mgongano mwepesi ni wa vioo vilivyoachiwa huru. Acha mfumo usimame kabisa kabla ya kuichomoa lenzi kwenye kamera.

Nanunua lenzi iliyokwishatumika. Nitajuaje kwamba kitulizaji chake ni kizima?

Ifunge kwenye kamera, ivute hadi mwisho wa zumu, na utazame kitu chenye kingo kali kilicho umbali wa mita kumi au zaidi. Bonyeza nusu: taswira inapaswa kutulia ndani ya sekunde moja na kubaki imetulia, bila kuruka, bila kutetemeka kwa haraka na bila kuelea kuelekea upande mmoja. Kisha piga picha kumi kwa kasi iliyo stopu tatu chini ya kanuni, yaani karibu 1/40 kwa mm 300 kwenye fremu nzima, na kumi nyingine kwa kasi hiyohiyo kitulizaji kikiwa kimezimwa. Zikuze zote. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili inapaswa kuonekana bila kubishaniwa. Ikiwa mafungu yanafanana, au lile la kwanza ni baya zaidi, rudia mara moja baada ya kusafisha viunganishi vya chuma vilivyo kwenye kitako cha lenzi, kwa kuwa uchafu hapo huweza kukata mawasiliano na umeme. Hali isipobadilika, hesabu kwamba unanunua lenzi isiyo na kitulizaji, na bei ikubaliwe kwa msingi huo.